Shingo ya Barão

Nhica do Rovuma
Jumatatu, 11 Novemba 2013

Kwa Baba yangu, Mwalimu Tuaibo, Palma

Shikamoo Baba, na amani ya Mungu iwe juu yako na juu ya wote wanaolala chini ya paa lako.

Nadai hivi: Ossufo hakumlisha sumu yule mbwa wa kambini, wala hakumtendea ubaya wowote. Mbwa yule alikuwa na ugonjwa wa pingili za shingo, ugonjwa unaojulikana na ulioandikwa vitabuni, na mtu wa kwanza kuutambua, kabla yangu mimi mwenye shahada, alikuwa Ossufo mwenyewe. Barua hii yote ni utetezi wa dai hilo, na mwishoni mwake nitataka jambo kwako.

Unisamehe kwa kutanguliza hoja kabla ya kukuuliza hali. Uliponifundisha kuandika barua ulinionyesha kwamba mtu huuliza hali kwanza, akaeleza ya kwake, ndipo akagusa shida. Nimeianza barua hii mara tatu kwa mpangilio huo, na kila mara hali na afya zikajaza ukurasa hadi shida ikakosa nafasi. Sasa naziuliza. Mguu wako wa kushoto unaendeleaje? Mama bado anakohoa asubuhi? Dada Zubeida aliniambia kwamba paa la chuo chako cha Kurani limeezekwa upya upande wa kibla, na kwamba ulipanda ngazi mwenyewe kukagua kazi ingawa alikukataza. Nilicheka peke yangu. Mimi ni mzima wa mwili, ila nimechoka uchovu ambao usingizi hauupunguzi. Nilifika hapa juzi nikiwa nyuma ya pikipiki, vumbi hadi kwenye kope, na naandika juu ya mkeka wa Ossufo. Yeye yuko shambani anapalilia mihogo. Anajua ninaandika, na hakuuliza naandika nini.

Nitayasimulia mambo kwa utaratibu wake, hata yale unayoyajua, kwa sababu nataka yasomwe pia na wasioyajua.

Tangu ilipotangazwa kuwa kuna gesi baharini mbele yetu, Palma haikulala tena usingizi wake wa zamani. Nyumba zilipangishwa zikiwa hazijapigwa lipu, na watu wasiokuwa na kazi walianza kutembea na karatasi mkononi. Ndipo ile kampuni ya ulinzi ilipojenga kambi yake ya vifaa kando ya barabara ya Mute, na barabara ya kuingilia kambini ikapita katikati ya mikorosho ya Bi Ancha, mama yake Ossufo. Miti ilikatwa asubuhi moja. Bi Ancha aliniambia kwamba harufu ya utomvu ilibaki puani mwake wiki nzima. Shamba likiwa limekwisha, Ossufo alikwenda kuomba kazi palepale lilipokwishia.

Kazi iliyokuwapo ilikuwa moja, ambayo hakuna aliyeitaka. Kampuni ilileta mbwa wawili kutoka Afrika Kusini, madume wawili wa mama mmoja, wa aina iitwayo dobermani: weusi, wembamba wa kiuno, warefu hadi kufika nyongani mwa mtu mzima. Mmoja aliitwa Barão, mwingine Conde. Walinzi waliotoka bara, Wamakonde, waliogopa meno yao. Vijana wetu wa pwani waliogopa mate yao. Ossufo akakubali kuwalisha, kuwaogesha na kuwatembeza, na kuanzia siku hiyo akapoteza jina lake. Uliyasikia majina waliyompa. Shemeji wa mbwa. Mume wa Barão. Akipita sokoni wauza samaki walimbwekea, kisha wakamwuliza kwa adabu kama ameelewa walichosema.

Lakini sidhani unajua alivyokuwa akifanya kila siku akitoka kazini. Nyuma ya banda la mbwa alikuwa na ndoo ya maji na kopo la udongo msafi aliouchekecha mwenyewe. Alivua nguo za kazi, akaosha mikono, miguu na kila palipoguswa na mate, mara saba, moja yake kwa udongo, kama ulivyotufundisha. Alihesabu kwa sauti. Tomás, mlinzi mwenzake wa kutoka Mueda, ambaye ni Mkristo na hana haja na hesabu hiyo, alikaa juu ya jiwe akimhesabia kwa Kireno, na akifika sita husema bado moja, usimwibie Mungu. Kisha Ossufo alivaa kanzu yake na kuja kwako kuwasomesha watoto baada ya alasiri. Kwa miaka karibu ishirini, tangu zamani kabla ya mbwa, mikono hiyo iliwashikia watoto kijiti cha kusomea, na wa kwanza kati yao nilikuwa mimi.

Mwezi wa nne Barão alianza kuyumba. Si kuanguka, Baba, kuyumba: miguu ya nyuma ilikwenda upande kama ya mtu anayeshuka kwenye mashua baada ya safari ndefu, na ya mbele ilipiga hatua fupi, kavu. Ossufo aliona zaidi ya hayo. Aliona kwamba kucha za miguu ya nyuma zimesagika kwa juu, kwa kuwa mbwa aliziburuta. Aliona kwamba Barão hainui tena kichwa, na kwamba akivutwa kwa ukosi, ule mkanda wa shingoni, hulia. Basi akamvua ukosi, akamshonea mkanda wa gunia unaopita kifuani. Aliona pia kwamba kuinamia sahani chini kunamwumiza, akawa anamlisha peke yake, mbali na Conde, sahani ikiwa juu ya kreti la soda. Hakuna aliyemwagiza. Hakuwa na kitabu.

Chefe, yaani mkuu wa kambi, alipokuja kukagua na kumkuta mbwa anapepesuka, hakuona huruma katika mambo hayo. Aliona mlinzi aliyekatiwa mikorosho ya mama yake, aliyemvua mbwa ukosi, na anayemlisha peke yake mahali pa faragha. Akauliza kama kuna daktari wa mifugo karibu, na watu wakamjibu kwa fahari kwamba yupo, mtoto wa Mwalimu, amerudi juzi tu kutoka Maputo.

Ilikuwa Ijumaa moja ya mwezi wa tano, saa nne na nusu asubuhi. Wewe ulikuwa nami. Ulikuwa umeniambia tangu jana yake kwamba baada ya swala utanisimamisha mbele ya wazee, daktari wa kwanza wa mtaa wetu, na Mama alikuwa amepiga pasi kanzu yangu nyeupe mara mbili. Ulinisubiri langoni, kivulini, ukizungumza na walinzi. Mimi nikaingia, nikamtazama mbwa, nikamsikiliza Ossufo, nikaandika. Niliandika kwa Kireno kizuri. Nilitaja aina nne za sumu na namna kila moja inavyoshambulia misuli, nikahitimisha kwamba dalili zinalingana na kulishwa sumu kidogokidogo kwa muda mrefu, nikatia sahihi. Ukurasa mmoja na nusu. Chefe aliusoma akiwa amesimama, akanishika mkono, akamwambia Ossufo atoke nje ya lango wakati huohuo. Hawakumruhusu kufika nyuma ya banda ilipokuwa ndoo yake. Barão alipigwa risasi mchana ule, kwa kuwa mbwa mwenye sumu, walisema, hana tiba.

Yaliyofuata uliyaongoza wewe, na ninayaandika kwa heshima lakini sitayapunguza. Baada ya swala, watu wakiwa bado barazani, habari ilikwisha kufika kabla yetu. Ossufo alikuja kwa miguu moja kwa moja kutoka kambini, akasimama chini ya ngazi ya msikiti, hakupanda. Ulimwuliza kama amemlisha mnyama sumu, akasema hapana. Ukamwambia aape, ukaagiza Msahafu uletwe. Akarudi nyuma hatua moja, akasema hawezi kuushika. Baraza zima lilivuta pumzi. Akaeleza kwamba mikono yake ina mate ya mbwa, kwamba hakupewa maji, na kwamba apewe muda kidogo aende akaoshe. Mtu mmoja nyuma akauliza kama ni mara zote saba au leo amepunguziwa, wakacheka. Nawe ukasema kwamba mtu mkweli hahitaji muda wa kutafuta kiapo, na kwamba mwanao amesoma, ameona na ameandika, na kuanzia siku hiyo Ossufo asiguse tena watoto wa chuo. Akaondoka. Sisi tukala pilau.

Baba, yule alikuwa mtu pekee katika baraza lile aliyekataa kukichafua Kitabu, na tulimhukumu kwa hilo. Kama kuna hoja dhidi ya sentensi hii, sijaiona, nami nimeitafuta miezi sita.

Mimi nilikwenda Pemba, mji mkuu wa jimbo letu, kuanza kazi. Ossufo alikuja huku Nhica kwa mjomba wake. Tungeendelea hivyo hadi tuzeeke, kama Tomás asingenipigia simu mwezi wa tisa. Alisema Conde, ndugu yake Barão, anatembea kama katoka kwenye pombe ya harusi. Kisha akasema, kwa ule mzaha wake usiokuwa na mzaha, kwamba safari hii Ossufo lazima amemlisha sumu kwa simu, maana miezi minne hajakanyaga hapa, na yeye Tomás ndiye anayempikia mbwa kwa mkono wake. Akaniuliza kama nitaandika tena ukurasa mmoja na nusu.

Niliomba ruhusa ya siku tano kazini. Kule Awasse gari letu lilikwama kutwa nzima likisubiri springi, nikasoma kando ya barabara sura ambayo nilipaswa kuisoma Maputo. Nakueleza ilivyo kwa maneno ya kawaida. Ndani ya pingili za shingo hupita ugwe laini unaochukua amri za ubongo kuzipeleka miguuni. Katika baadhi ya mbwa wakubwa, dobermani wakiwa mbele yao wote, pingili zile, au visahani vya gegedu vilivyo kati yake, huota vibaya au huchakaa na kuubana ule ugwe. Amri zinafika zimechelewa, au hazifiki. Miguu ya nyuma huyumba kwanza kwa kuwa iko mbali zaidi. Kucha husagika. Shingo huinama. Ukosi huumiza, na sahani iliyo chini huumiza. Mara nyingi ugonjwa huu hupita katika damu ya ukoo mmoja. Nilipofika kwenye orodha ya mambo ya kumfanyia mgonjwa wa namna hiyo, la kwanza lilikuwa kumvua ukosi na kumvalisha mkanda wa kifuani, na la pili kuinua sahani ya chakula. Nilifunga kitabu.

Nilimpima Conde kwa saa nzima. Nikimkunja mguu wa nyuma ukanyage kwa mgongo wa wayo, aliuacha hivyohivyo, hakujua uko wapi. Nilipopitisha vidole shingoni, karibu na mabega, akalia kama mtoto, akaketi. Nikaandika upya, na chefe, ambaye ana mapenzi makubwa kwa mbwa huyu, akampakia kwenye ndege ndogo ya kampuni, akapelekwa Afrika Kusini kupigwa picha. Wiki hiyohiyo mke wa jirani yetu alipakiwa nyuma ya lori kwenda kujifungulia Mocímboa. Siliandiki hili kama hoja. Nimechoka nalo tu. Picha ilirudi pamoja naye mwezi uliopita: pingili ya sita na ya saba, ugwe umebanwa hadi umekuwa kama uzi. Hakuna sumu. Nimekwisha mpa chefe maandishi ya kufuta yale ya kwanza. Alisoma, akasema ni bahati mbaya, akauliza kama Ossufo angependa kurudi kazini.

Nilikupigia simu ukanijibu kwamba yamepita. Ulisema mbwa wawili wanaweza kulishwa sumu na watu wawili, kwamba mtaa umekwisha sahau, na kwamba daktari anayefuta maandishi yake ya kwanza hataaminiwa tena hata kwa kuku. Nakujibu moja moja. La kwanza linapingwa na picha. La pili si kweli: Bi Ancha akienda kisimani bado wanamwuliza mkwewe Barão hajambo huko aliko. La tatu ni kweli, na ni mimi wa kulipa, si Ossufo.

Najua pia utakachosema kuhusu mbwa. Lakini wewe ndiye uliyetufundisha kwamba najisi huoshwa, na kwamba kinachooshwa hakimfukuzi mtu mbele ya Mola wake. Mchungaji ana mbwa, mwindaji ana mbwa. Sheria imempa mtu maji na udongo ili aweze kufanya kazi yake na kurudi safuni. Ossufo aliifuata neno kwa neno. Ni nani basi aliyeivunja?

Sasa nafika mahali ambapo barua tatu za kwanza ziliishia, na hata hii imekaa tangu asubuhi.

Nimekuandikia juu kwamba siku ile nilimtazama Barão. Ni kweli. Nilimtazama tu. Ossufo alimshika kichwa kwa mikono miwili ili asiniume, akaniambia, mdogo wangu, mguse hapa shingoni uone atakavyolia. Alisema mara mbili. Udenda ulikuwa ukimdondoka mbwa. Nikaangalia kanzu yangu, nikakuangalia wewe langoni, nikaona walinzi wetu wa pwani wakitutazama kusubiri nitafanya nini, na nikafikiria swala imekaribia, na wazee, na mimi kuanza kuomba ndoo na udongo na kuhesabu saba mbele ya watu siku ya heshima yangu. Nikarudi nyuma hatua mbili. Nikamwambia Ossufo kwa Kireno, ili asielewe vizuri, kwamba sayansi haihitaji kila kitu kushikwa. Maandishi yote yale, Baba, sumu zote nne, niliyatunga kutoka umbali wa hatua mbili. Kidole kimoja kingetosha. Mbwa angelia, ningejua, na mtu asingefukuzwa.

Na siku hiyo nilikaa barazani kando yako, mikono yangu ikiwa safi kabisa, nikamsikia akiomba maji, nikanyamaza.

Jana nilimwuliza Ossufo kwa nini hakusema siku ile barazani. Lilikuwa neno fupi tu: daktari hakumgusa. Alikuwa ananoa jembe, hakuacha kunoa. Alisema alinuia kusema, akainua macho akakuona ulivyonishika bega, akasema moyoni mwake kwamba Mwalimu ameisubiri siku hii miaka mingi, na kwamba ukweli ungeweza kungoja hadi Jumamosi. Jumamosi ilipofika hakuna aliyemfungulia mlango. Kisha akaniuliza Conde anakula vipi, nikamwambia sahani iko juu ya kreti, akaitikia kwa kichwa, ameridhika.

Hajaniambia amenisamehe. Sikumwomba. Kurudi kambini hataki, na hataki fidia ya mtu. Alisema anachotaka ni watoto wa chuo tu, na hilo halipo mikononi mwangu wala mwa kampuni. Liko mikononi mwako.

Barua hii ataileta Tomás, atakayepita hapa kesho. Ijumaa nitapita kambini kwanza, nimpime Conde shingo kwa mikono yangu yote miwili. Kutoka hapo nitakuja msikitini kama nilivyo, na ndoo na kopo la udongo wa Ossufo. Nitasimama chini ya ngazi, pale alipokuwa amesimama, nioshe mara saba, nikihesabu kwa sauti ya kusikika barazani. Atakayetaka kucheka acheke. Kisha nitaingia kuswali, na baada ya swala nitaisoma barua hii, ambayo nabaki na nakala yake, yote, pamoja na aya ile ya hatua mbili. Ossufo atakuwa nami. Ameshakubali kuja, ila amesema hatapanda ngazi mpaka aitwe.

Msalimie Mama, umwambie kanzu aliyoipiga pasi mara mbili ninayo bado, na sijaivaa tangu siku ile. Msalimie Zubeida. Mpelekee Bi Ancha salamu zangu, au bora usimpelekee, nitakwenda mwenyewe.

Jibu lako usiliandike wala usinipigie simu. Ulimhukumu mbele ya watu kwa neno langu, na neno langu nimelifuta. Nataka Ijumaa, kwenye baraza lilelile, mbele ya watu walewale, unijibu kwa sauti: Ossufo alimlisha mbwa sumu, au hakumlisha? Na kama hakumlisha, umwite kwa jina lake apande.

Ni mimi mwanao,
Suleimane Tuaibo